Siku kati ya sindano na sindano

Mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza, na mwanawe wa kwanza anatimiza mwaka mmoja mwezi ujao. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti. "Mama mdogo, shikamoo. Nina jambo linaninyima usingizi." Barua ya kliniki ilikuwa imefika: mtoto apelekwe akachanjwe surua, matumbwitumbwi na rubela. Na kwa kuwa Uingereza imeongeza tetekuwanga kuanzia Januari 2026, magonjwa yanayokingwa na sindano hiyo moja sasa ni manne. Akina mama wenzake wamemshauri atafute daktari wa kulipia amtenganishie, leo ya surua, baada ya muda ya rubela, na kuendelea hivyo. "Mimi sikatai chanjo," alisema. "Nauliza tu, kuna ubaya gani nikizigawa?"

Swali lake lina mizizi katika malezi yetu. Kwetu mtoto haanzishwi ugali. Anaanza na uji mwepesi, kisha viazi vilivyopondwa, na kila kipya kinapoingia tunasubiri kuona tumbo limekipokeaje. Mzazi aliyelelewa hivyo akisikia kinga ya magonjwa manne inaingia kwenye paja la mtoto kwa mpigo mmoja, lazima moyo umshtuke. Kuzigawa kunaonekana ndiyo njia ya katikati, kati ya anayekataa na anayekubali bila kuuliza. Nimeichunguza njia hiyo na sijaiona. Karibu kila mara anayezigawa haondoi hatari iliyomo kwenye chanjo. Anachoongeza ni siku ambazo mtoto hana kinga, na siku hizo hazitajwi na wanaomshauri.

Wazo lenyewe lina mwanzo unaojulikana. Februari 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, wa hospitali ya Royal Free jijini London, kuhusu watoto 12 waliokuwa na matatizo ya utumbo na ya ukuaji, wengi wao wakiwa na usonji (autism). Watoto 12 tu, bila kundi jingine la kuwalinganisha nao. Makala yenyewe yalikiri kwamba hayakuthibitisha uhusiano kati ya chanjo ya pamoja na hali ya watoto wale. Lakini kwenye mkutano na waandishi wa habari Wakefield aliongeza la kwake: chanjo ya pamoja isimamishwe, watoto wachomwe moja moja kwa kupishana. Tafuta ndani ya utafiti wake msingi wa ushauri huo, huupati. Hakuna mahali alipolinganisha mtoto aliyechanjwa kwa pamoja na aliyechanjwa kwa kutenganishwa.

Kuanzia mwaka 2004 mwandishi Brian Deer wa The Sunday Times alianza kufukua. Ilibainika kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na malipo hayo yalivuka pauni 400,000. Ilibainika pia kwamba Juni 1997, miezi minane kabla ya mkutano ule, yaliwasilishwa maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, yenye jina lake, na ndani yake mlikuwa na chanjo ya surua peke yake. Mtu aliyewaambia wazazi watenganishe alikuwa na bidhaa ya kutenganisha. Mwaka 2010 The Lancet iliyafuta makala yale, na mwaka huohuo baraza la madaktari la Uingereza likamfutia usajili.

Wazazi wengi niongeao nao wanaijua sehemu ya usonji na wameshaikataa. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461, na waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Hilo limeeleweka. Kilichobaki ni mkia wa hadithi. Mwili umezikwa, lakini maneno "basi angalau zitenganishe" yanatembea peke yake mitaani kama ushauri wa busara, na mama wa Leicester ambaye alikuwa hajazaliwa mwaka 1998 anayapokea bila kujua yametoka kinywani mwa nani.

Swansea, kusini mwa Wales, waliyalipia. Mwaka 1997, hata kabla ya Wakefield, gazeti la eneo hilo lilikuwa limeendesha kampeni ya habari za kutia shaka kuhusu chanjo ya pamoja. Uchanjaji katika eneo linalosoma gazeti hilo ulishuka kwa karibu asilimia 14, wakati kwingine Wales ulishuka kwa asilimia 2 na ushei. Miaka ikapita na hapakutokea kitu. Watoto wale wakaenda shule ya msingi, wakaenda sekondari, na wazazi wao bila shaka walijiona walifanya uamuzi mzuri. Surua ikaja Novemba 2012. Hadi Julai 2013 walioripotiwa kuugua walikuwa zaidi ya 1,200, waliolazwa 88, na kijana mmoja wa miaka 25 alifariki. Kundi lililopigwa zaidi lilikuwa la vijana wa sekondari, haohao ambao wazazi wao walisubiri.

Huko Minneapolis, Marekani, yamewapata watu tunaowajua zaidi. Jamii ya Wasomali wa pale, ambao wengi wao walipita kambi za wakimbizi za Kenya kama Dadaab na baadhi yao wanazungumza Kiswahili, walikuwa wachanjaji wazuri kuliko majirani zao: mwaka 2004 watoto wao 92 katika kila 100 walikuwa wamepata chanjo hiyo ya pamoja. Kisha wakaanza kujiuliza kwa nini usonji unaonekana kwa watoto wao, huduma za afya hazikuwapa jibu la kuwatuliza, na wapinga chanjo wakawajaza. Wakefield mwenyewe alikwenda kuongea nao. Kufikia 2014 waliochanjwa walikuwa 42 katika 100. Mwaka 2017 surua ikaingia, wakaugua watu 75 katika jimbo zima, wengi wao watoto wa Kisomali. Hapa siwalaumu wazazi. Mzazi aliyeuliza swali la kweli akajibiwa kwa kukunjiwa uso, atakwenda kwa yeyote atakayemkaribisha kiti.

Sasa turudi kwenye kugawa kwenyewe, maana jaribio hilo limeshafanyika na si mara moja.

Uingereza yenyewe ilianza kwa kutenganisha. Chanjo ya surua peke yake ilianza 1968, na ya rubela ikawa ya wasichana wa shule tu kuanzia 1970. Kwa miaka 20 ya utaratibu huo waliochanjwa surua hawakufika asilimia 80, na rubela iliendelea kuzunguka kwa wavulana na watoto wadogo, kisha kuwafikia wajawazito ambao hawakuwa na kinga. Rubela kwa mtoto ni vipele na homa ndogo. Kwa mama mwenye mimba changa ni jambo jingine kabisa: akiambukizwa katika majuma 12 ya mwanzo, hadi watoto 9 kati ya 10 huathirika, moyo, macho, masikio, ubongo. Sindano ya pamoja iliyoanza Oktoba 1988 ililetwa kwa sababu utaratibu wa moja moja ulikuwa umeshindwa.

Japani ni mfano mzito zaidi, kwa sababu kule mashaka ya wazazi yalikuwa na msingi. Chanjo yao ya pamoja ilianza Aprili 1989 ikiwa na aina ya kirusi cha matumbwitumbwi iitwayo Urabe, na baadhi ya watoto wakapata uvimbe wa utando wa ubongo. Wengi wao walipona, lakini madhara yalikuwa ya kweli, na Aprili 1993 serikali ikaiondoa. Uingereza nayo ilikuwa imeziondoa chanjo zenye Urabe Septemba 1992, ikabaki na aina nyingine ya kirusi. Angalia tofauti ya maamuzi hayo mawili. Kosa lilikuwa la Urabe. Mtoto aliyechomwa Urabe peke yake alikuwa kwenye hatari hiyohiyo. Uingereza ilibadilisha kirusi na kuendelea na sindano ya pamoja. Japani ilivunja mseto.

Wakavuna nini? Wanaodai usonji hutokana na mseto walipewa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya: katika mji wa Yokohama chanjo ya pamoja ilishuka hadi sifuri, na idadi ya watoto wanaogunduliwa kuwa na usonji ikaendelea kupanda kama awali. Huku nyuma surua ilirudi mara kwa mara. Mwaka 2007 vyuo vikuu vilifungwa kwa ajili yake. Mwaka 2006 Wajapani walirudi kwenye mseto wa surua na rubela, lakini wanaume ambao utotoni rubela ilihesabiwa kuwa chanjo ya wasichana walikuwa wameshakuwa watu wazima bila kinga. Mwaka 2013 waliugua rubela watu zaidi ya 14,000, wengi wao wanaume hao, na katika mlipuko ule walizaliwa watoto 45 wenye ulemavu wa rubela ya tumboni. Arobaini na watano. Kila ninapoifikia namba hii nawaza baba anayepanda treni kwenda kazini Tokyo, na mjamzito aliyesimama kando yake.

Hofu kwamba mwili wa mtoto utalemewa nayo naiheshimu, ila imekaa mahali pasipo pake. Kinga ya mwili haihesabu majina ya magonjwa yaliyoandikwa kwenye kichupa. Inashughulika na vipande vya vijidudu vinavyotakiwa kutambuliwa, na saa za kwanza baada ya kuzaliwa ngozi na utumbo wa mtoto huwa vimeshavamiwa na bakteria wasiohesabika. Mwaka 1980 mtoto wa Marekani alikingwa magonjwa 7 kwa chanjo zenye vipande zaidi ya 3,000 vya namna hiyo. Mwaka 2000 alikingwa magonjwa 11 kwa vipande visivyofika 130, kwa kuwa chanjo ya kifaduro ilikuwa imesafishwa. Magonjwa yameongezeka, mzigo umepungua.

Penta yetu ya Afrika Mashariki, sindano moja yenye kinga tano, ambayo Kenya iliianza 2001 na Tanzania 2009, bado inatumia kifaduro cha zamani, bakteria mzima aliyeuawa. Ndiyo sababu mtoto hupata joto usiku ule na paja kuvimba. Lakini ukiitenganisha penta, joto hilo haliondoki, maana sehemu kubwa yake inaletwa na kifaduro. Utabaki na joto lilelile na sindano nyingi zaidi: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib (bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), kila moja dozi tatu, ni sindano 15 badala ya 3. Na bibi zetu walishachanjiwa watoto DPT, mseto wa tatu za mwanzo ambao umekuwepo tangu miaka ya 1940, bila mtu kuuita mseto.

Hesabu ninayomtaka mpwa wangu aifanye ni ya kalenda. Chanjo za virusi hai zilizodhoofishwa, na zote nne za kwenye sindano yake ni za namna hiyo, zisipotolewa siku moja inabidi zipishane angalau wiki 4, kwa sababu ya kwanza inaweza kuizuia ya pili isishike. Zigawe nne: ya mwisho haiji kabla ya wiki 12 kupita. Hapo ni kama kila miadi imetimizwa, mtoto hakuumwa mafua, mama hakukosa ruhusa kazini, na chanjo ya peke yake imepatikana. Haipatikani kirahisi. Marekani, mwaka 2025, Jim O'Neill, aliyekuwa kaimu mkurugenzi wa taasisi ya kudhibiti magonjwa, aliwataka watengenezaji watoe surua, matumbwitumbwi na rubela kwa chupa tatu tofauti, ilhali nchini humo hakuna hata moja ya hizo inayouzwa peke yake. Mzazi anayemsikiliza anasubiri kitu ambacho hakipo. Na alisema hayo mwaka uleule ambao surua ilikuwa imeua watoto wawili Texas.

Na surua haisubiri miadi. Mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake hubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Kongo, kuanzia 2019, iliwapata zaidi ya watu 310,000 na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Huku kwetu kila safari ya kliniki ya ziada ina bei ambayo wataalamu wa mbali hawaioni. Chanjo ya surua na rubela huja kwenye kichupa cha dozi 10, na kikishachanganywa kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kimwagwe. Kwa hiyo nesi akiona watoto wamekuja wawili tu, anasita kukifungua. "Mama, rudi Alhamisi." Nimewahi kuambiwa hivyo mwenyewe nikiwa na mwanangu mgongoni, na nilikuwa nimetoka umbali wa bodaboda mbili. Nilirudi Alhamisi kwa sababu nilikuwa na nauli. Yupo aliyekaa nami kwenye benchi siku ile ambaye Alhamisi sikumwona. Hii ni kwa chanjo moja yenye kinga mbili. Anayetaka tuzigawe ajumlishe Alhamisi zake.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi hadi hapa, kwa sababu ndipo mpwa wangu ana haki kuliko wote wanaombeza.

Kuna mseto mmoja ambao ukiugawa sehemu mbili, madhara fulani hupungua kweli: huohuo aliotumiwa barua, wa nne kwa pamoja. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja akipewa surua, matumbwitumbwi, rubela na tetekuwanga katika sindano moja kwa mara ya kwanza, uwezekano wa kupata degedege la homa katika wiki mbili zinazofuata ni mkubwa kuliko akipewa zile tatu paja moja na tetekuwanga paja la pili, siku hiyohiyo. Ukubwa wake: degedege moja la ziada kwa kila watoto 2,300 hadi 2,600. Kwa taarifa hizohizo nchi mbili zimeamua tofauti. Marekani, Septemba 2025, kamati ya chanjo ilipendekeza watoto wa chini ya miaka minne wapewe tetekuwanga kando. Hata kabla ya hapo madaktari wengi wa huko walikuwa wakifanya hivyo kwa dozi ya kwanza. Uingereza imechagua sindano moja. Mimi nasema nchi zote mbili zina hoja. Lakini angalia, hata huko wanakotenganisha, sindano mbili hutolewa siku moja. Mtoto anatoka kliniki amekingwa yote manne. Hiyo si kugawa kwa miezi, na mtu asikuchanganyie mambo hayo mawili.

Najua neno degedege linavyosikika masikioni mwa mtu wa Tanga. Bibi yetu alikuwa akiliita kwa sauti ya chini, akiamini ni dege kubwa linalopita usiku juu ya paa, na kwamba mtoto aliyepitiwa nalo akichomwa sindano anakufa. Imani hiyo ilienea pwani nzima na imewacheleweshea hospitali watoto wengi waliokuwa na malaria kali. Degedege la homa tupu hutisha kulitazama, macho yanageuka, mikono inakakamaa, lakini kwa kawaida hukoma ndani ya dakika chache na haliachi athari kwenye ubongo. Surua yenyewe, na homa zake kali, hulileta mara nyingi zaidi kuliko chanjo, na mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua surua huvimba ubongo, jambo ambalo halifanani na degedege hata kidogo.

Nilimpigia Jumapili. Nilimweleza yote haya, akasikiliza, akauliza kuhusu Japani mara mbili. Kisha nikamkumbusha jambo ambalo yeye hawezi kulikumbuka. Akiwa na mwaka na nusu, masika, nyumbani kwa bibi, joto lilimpanda akakakamaa mikononi mwangu, na bibi akakataa katakata asichomwe sindano. Dada yangu alimbeba akatoka naye mlango wa nyuma usiku. Marekani hushauri kwamba mtoto ambaye yeye, ndugu yake au mzazi wake aliwahi kupata degedege asipewe mseto wa nne, apewe tatu na tetekuwanga kando.

"Kwa hiyo mzazi huyo ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Mwambie nesi kabla hajavuta dawa kwenye bomba. Na lolote watakaloamua, zote ziishe siku hiyohiyo."

Miadi yake ni tarehe 14, saa 4 asubuhi.